Maji ya Bondeni

Siku tisa kabla ya harusi ya Sikuzani, kisima cha Juu kilitoa chura. Mboni, mama wa mwali, alivuta kamba kwa mikono miwili kama siku zote, akaona debe linapanda jepesi, na lilipofika ukingoni akakuta ndani yake tope la kujaza kiganja na chura aliyekaa katikati akimtazama. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu nyuma yake walichungulia. Hakuna aliyecheka. Vuli haikunyesha mwaka ule, masika yalikuwa mbali, na kila mmoja alikuwa amekuja na mtungi mtupu.

"Maji yamelala tu," alisema Mwanne, mke wa Dakta Hemedi. "Kesho yataamka."

Mboni alimtoa yule chura, akamweka majanini, akajitwika debe lake tupu. Mwali alikuwa ndani. Wageni sitini wangetoka Mkuza kwa miguu kuja Msimbu, mpaka huku Juu kilimani. Mbuzi wawili walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba, na mchele ulikwisha kupetwa. Pilau haipikwi kwa maji yaliyolala.

Mumewe, Mwinjuma, alimkuta barazani akipaka chokaa viatu vyake vyeupe. Mwinjuma alikuwa seremala, tena seremala mzuri, lakini watu wa Juu hawakumwita fundi. Walimwita Keptini. Hicho kilikuwa cheo chake katika chama cha ngoma kilichoitwa Governa, ambacho kila Idi na kila harusi kilipiga gwaride kwa matarumbeta, wanaume wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Mzee Pazi, mwenye minazi mingi kuliko wote, ndiye aliyekuwa Governa mwenyewe. Hemedi aliwahi kufagia hospitali moja huko Dar es Salaam kwa miaka miwili, kwa hiyo akawa Dakta.

Chini ya kilima kulikuwa na Bondeni, na Bondeni walikuwa na ngoma yao, Bombomu. Hao walikuwa vibarua, wakwezi na wachoma mkaa, wengi wao watoto wa watu waliokuja na kazi ya reli wakabaki. Walipiga mapipa ya bati, na walicheza pekupeku.

"Baba Sikuzani, kisima kimekauka," alisema Mboni.

"Kimepungua."

"Kimetoa chura."

Mwinjuma alikiinua kiatu akakitazama upande upande. "Chura hakai pasipo maji."

"Huyu amekaa."

Mwinjuma alikitua kiatu. Kisha akasema angezungumza na wanachama, kila mmoja alete madebe mawili kutoka mtoni, na Governa isingeshindwa na jambo la maji.

"Mtoni ni nusu siku kwenda na kurudi," Mboni alisema. Akaongeza polepole, kama mtu anayejaribu chuma kama ni cha moto, "Bondeni maji yapo."

"Bondeni kuna shaba."

"Wao wanakunywa."

"Wao wamezoea. Unataka wakwe zetu waharishe kwenye harusi ya Keptini?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anavyosema kwamba moto unaunguza. "Mimi mwenyewe niliyaonja, Mama Sikuzani. Nilisikia shaba mpaka kwenye meno."

*

Habari ya shaba ilikuwa na miaka minne. Kisima cha Bondeni kilichimbwa na Salumu na wenzake watatu kwa sururu na kamba, na kilipotoa maji hata wanawake wa Juu waliteremka kuchota, maana kilikuwa karibu na hakikuwa na foleni. Hilo halikumpendeza Mzee Pazi. Kisima cha Juu kilichimbwa na babu yake, na mtu anayechota kwako hukuamkia vizuri kuliko anayechota kwingine. Akamtuma Dakta Hemedi akapime.

Hemedi alikwenda na gilasi. Aliyatia maji, akayainua juani, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Watu wote walikuwa wakimtazama. Huenda naye alikuwa hajui atasema nini mpaka aliposema.

"Shaba," alisema.

Kesho yake watu kumi na wanane wa Juu waliumwa tumbo. Wawili kati yao walikuwa hawajayaonja maji hayo. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa Juu aliyechota Bondeni, na mtoto wa Bondeni akipita Juu aliulizwa kama meno yake yameota kutu.

Kwa Mboni jambo hili lilikuwa na mwiba wake. Salumu, mchimba kisima, alikuwa mume wa mdogo wake. Mwanaamina aliolewa naye miaka sita iliyopita, na Mwinjuma hakwenda kwenye harusi ile. Alisema Keptini hawezi kula sahani moja na kibarua wa Bombomu. Mboni alikwenda peke yake, akarudi mapema. Tangu hapo ndugu hawa wawili, waliozaliwa Kurui na kulala kitanda kimoja mpaka wakavunja ungo, walikuwa wakiamkiana njiani kama majirani.

*

Siku ya tatu, wanachama wa Governa walileta madebe matatu. Moja lilikuwa na sabuni chini. Sajini alituma neno kwamba mgongo unamuuma. Mpiga tarumbeta mkubwa alisema mtoni ameona nyayo za simba, ingawa hakusema alifika saa ngapi huko mtoni. Mwinjuma alimshukuru kila mmoja, akayafunika madebe yale kwa ungo, na jioni mbuzi mmoja akaangusha debe moja.

Asubuhi iliyofuata Mboni alijifunga kanga mbili, akachukua mtungi, akateremka Bondeni mchana kweupe. Alijua macho yanamfuata. Mwanne alikuwa uani akitwanga, na mchi ukasimama hewani.

Mwanaamina alikuwa akimenya mihogo mlangoni pake. Alipomwona dada yake aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umepotea njia?"

"Sikupotea." Mboni aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Nimekuja kuomba maji ya harusi ya mwanao."

Mwanaamina aliacha kisu na mihogo. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati kilichojaa. "Kunywa kwanza."

Mboni alikitazama kile kikombe. Alikunywa kwa kuziba pumzi, kama dawa ya mwarobaini. Kisha akakunja uso, asitake kumwonyesha, lakini mdogo mtu akaona.

"Unasikia nini?"

"Sitaki kukudanganya, Mwanaamina. Nasikia shaba. Hapa, pembeni mwa ulimi."

"Haya. Ngoja basi." Mwanaamina aliingia tena ndani, akakaa kidogo, akatoka na kikombe kingine. "Haya Salumu alipewa bomani Kisarawe, alipokwenda kuwasafishia pipa. Ndiyo anayokunywa Bwana Shauri, mkubwa wa boma. Nilikuwa nimeyaweka kwa ajili ya mgonjwa."

Mboni alikunywa. Maji yalikuwa ya baridi, mepesi, yalishuka kama hayapo. Akamaliza kikombe chote.

"Haya ndiyo maji," alisema.

Mwanaamina alijishika tumbo, akainama, akacheka mpaka akakaa chini juu ya maganda ya mihogo. Alipoweza kusema alimshika dada yake mkono, akampeleka ndani, akamwonyesha mtungi mmoja uliosimama peke yake kwenye kona. Hapakuwa na mtungi mwingine.

Mboni alisimama mbele ya mtungi ule muda mrefu. Kwanza aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo ila mdogo wake, na kwa kuwa mdogo wake alikuwa bado anacheka kicheko kile kile cha Kurui, naye akacheka.

Walipotulia Mwanaamina alisema, "Maji ya kisima hatuuzi wala hatumnyimi mtu. Tutakuletea, mimi na wenzangu, madebe utakayotaka. Lakini nikuulize. Siku hiyo nitakaa mkekani au nitakaa kwenye moshi?"

"Wewe ni mama mdogo wa mwali. Utakaa mkekani."

"Na Salumu?"

Mboni akaanza kuifunga upya kanga yake.

"Basi usijibu," alisema Mwanaamina. "Najua nyumba hiyo si yako peke yako."

*

Tangu alasiri ya mkesha wanawake saba wa Bondeni walipanda kwa njia ya shambani, kupitia mihogoni, madebe kichwani na majani ya mwembe juu ya maji yasimwagike. Walipanda tena asubuhi ya harusi. Kufika saa nne mapipa mawili ya Mboni yalikuwa yamejaa, na mitungi yote, na sufuria la kuogea mwali.

Mwinjuma, akiwa amevaa kaptula yake nyeupe na mkanda wa shaba, alipita nyuma ya jiko akaona. Uso wake ukachanua.

"Wanachama wangu," alisema. "Nilikwambia, Mama Sikuzani. Governa haishindwi."

Mboni alikuwa anakoroga pilau kwa mwiko mrefu. Moshi ulimwingia machoni. Alisema tu, "Nenda, wageni wanafika."

Na kweli walikuwa wanafika, vumbi magotini, wakiimba. Bwana harusi, Isihaka, alikuwa kijana mrefu mwenye haya. Mbele yao wote alitembea mama yake, Bibi Mwanamkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Alimkumbatia Mboni jikoni palepale, na mwiko ukiwa katikati yao. Nikaha ilisomwa, vigelegele vikapigwa, matarumbeta ya Governa yakalia mpaka kuku wakakimbilia porini.

Ndipo likatokea jambo dogo. Mboni alikuwa ametandika mkeka mzuri wa ukindu chini ya kivuli cha baraza, akamwambia Mwanaamina na wenzake waketi. Waliketi, wamevaa kanga safi. Mwanne alikuja akasimama mbele yao.

"Samahani, mkeka huu ni wa akina mama wa chama," alisema kwa upole kabisa. "Nyie mliokuja kusaidia kuosha vyombo, kule nyuma pana nafasi."

Mwanaamina alimtazama dada yake. Mboni alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameshika sinia. Aliona. Wakwe walikuwa wakipita, Mzee Pazi alikuwa akiketi, mumewe alikuwa akimpangusia kiti. Mboni akageuka na sinia lake. Mwanaamina aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaenda nyuma ya jiko, na wenzake sita wakamfuata.

*

Pilau ilikuwa njema. Watu wa Mkuza walikula kimya kwanza, kama watu waliotembea tangu alfajiri, halafu wakaanza kusifu. Walisifu nyama, wakasifu mchele ulivyochambuka. Lakini walichosifu kuliko vyote ni maji. Mwaka ule visima vya Mkuza vilikuwa na magadi. Chai ilikuwa haikolei, na dengu haziivi. Hapa mtu alikunywa kikombe, akakitazama kikombe, akaomba kingine.

Dakta Hemedi alikunywa vinne. Mzee Pazi alikunywa vitatu, akapiga mluzi mdogo. Mwinjuma pia alikunywa vitatu, na kila alipokunywa aliwatazama wanachama wake kwa upendo. Wanachama nao walipokea tabasamu lile, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyekwenda mtoni.

Mzee Pazi alisimama kusema machache. Alisema kuhusu ukoo, alisema kuhusu heshima, kisha akainua kikombe chake.

"Wakwe zetu, mtu hujulikana kwa maji anayokunywa. Sisi wa Juu tumejaliwa. Nisingependa kusengenya, lakini hapa chini kuna wenzetu wana kisima, na maji yake punda akinywa anatikisa kichwa. Ni kwa sababu ya waliokichimba. Mkono una lake katika maji."

Watu wa Juu walicheka. Wageni walicheka kwa adabu, kwa kuwa mwenyeji anacheka. Wakati huohuo Mwanaamina alikuwa akipita kati ya mikeka, debe kichwani, akileta maji ya kunawa. Alisimama. Maji hayakumwagika hata tone. Kisha akaendelea, akamwinamia Mzee Pazi, akammiminia mikononi, na Mzee Pazi akanawa.

Bibi Mwanamkuu alikuwa akimwangalia mwanamke yule na debe lake. Hakusema alichofikiri. Alisema, "Mzee, mimi nina ombi. Nina mume nyumbani, hawezi tena kutembea, na ni mwaka hajanywa maji akafurahi. Nimekuja na vibuyu viwili. Nataka nikateke mwenyewe kwenye kisima hicho, nimwambie nimekiona."

"Ombi hilo ni jepesi," alisema Mzee Pazi, ambaye hakuwa amekaribia kisima tangu alipokuwa mvulana, kwa kuwa maji huletwa na wanawake, na hakuna aliyemwambia habari ya chura. "Keptini, wapeleke wageni kisimani. Kwa matarumbeta."

Wanawake wa Juu walitazamana. Mwinjuma alihisi jasho likimtoka chini ya kofia. Alikwenda jikoni karibu mbio.

"Mama Sikuzani, wanataka kwenda kisimani. Watamwona chura."

"Wataona."

"Fanya jambo."

Mboni aliweka mwiko chini. "Nifanye?"

"Fanya lolote. Nakuomba."

Mboni aliosha mikono. Alimwona Mwanaamina amekaa juu ya gogo, kwenye moshi, akila ukoko kwa vidole bila kuinua uso. Akavua kanga ya jikoni, akajifunga ya sherehe.

"Haya," alimwambia mumewe. "Nitafanya."

*

Msafara ulikuwa mrefu. Matarumbeta mbele, wageni nyuma yake, watu wa Juu wakiwasindikiza, Mzee Pazi chini ya mwavuli, Mwanaamina na wenzake mwishoni. Mahali njia ilipogawanyika, ya kushoto ilikwenda kisima cha Juu na ya kulia iliteremka. Mboni alikuwa amekwisha kuwapita wapiga matarumbeta. Hakugeuka. Alishika ya kulia, na wapiga matarumbeta, waliozoea kumfuata yeyote aliye mbele, wakamfuata.

Mwinjuma alisimama kwenye njia panda. Aliinua mkono wa Keptini, ule unaosimamisha gwaride. Akamwona Bibi Mwanamkuu akiteremka kwa furaha, vibuyu vikigongana kiunoni. Mkono ukashuka wenyewe.

Salumu na wanaume wa Bondeni, ambao hawakualikwa, walikuwa wamekaa karibu na kisima chao wakisuka kamba. Waliposikia matarumbeta yanateremka waliruka. Walidhani Governa inakuja kuwafanyia fujo, wakakimbilia mapipa yao, wakajipanga. Ngoma mbili zikasimama uso kwa uso na kisima katikati.

"Asalaam aleikum," alisema Bibi Mwanamkuu.

Wanaume wa Bondeni wakaangaliana. "Waaleikum salaam. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Hapa ndipo yanapotoka maji tuliyokunywa leo?"

Mboni alihisi macho ya Juu yote mgongoni. Sauti yake ilitoka ndogo mwanzoni.

"Ndipo hapa, mama. Kisima chetu kimekauka, kina chura. Maji yote ya harusi, ya pilau, ya kunywa na ya kunawa, yametoka hapa. Amekichimba shemeji yangu huyu, Salumu. Waliobeba ni mdogo wangu Mwanaamina na wenzake, na nilikuwa nimewaahidi mkeka wakaenda kula kwenye moshi, na mimi nikanyamaza."

Mzee Pazi aliufunga mwavuli wake. "Haiwezekani. Maji ya hapa yana shaba. Dakta alipima."

"Mwenyewe umekunywa vikombe vingapi leo?" aliuliza Bibi Mwanamkuu.

Mzee Pazi aliuegemea mwavuli. Alimtazama Dakta Hemedi. Wote wakamtazama Dakta Hemedi. Salumu alichota kwa kata, akampa bila kusema neno. Hemedi aliinua kata juani kwa mazoea, akanusa, akaonja. Uso wake ukakunjamana, kwa kweli kabisa, bila hila. Kisha akakumbuka vikombe vinne vya mchana. Alikaa na maji yale mdomoni muda ambao mtu angeweza kusoma Fatiha. Akameza.

"Shaba ipo," alisema hatimaye. "Lakini imezama chini. Miaka minne, ina haki ya kuzama. Haya ya juu yanafaa."

Mzee Pazi alivuta pumzi. "Nilijua," alisema. "Shaba ni nzito." Akaipokea kata, akanywa, na watu wa Juu, wakiona Governa amekunywa kwa ruhusa ya Dakta, wakaanza kusogea.

Salumu alitaka kusema. Mishipa ilimtoka shingoni. Lakini Mwinjuma alikuwa amefika, kofia mkononi, akiwa amechelewa kuliko wote. Aliomba kata. Alikunywa mbele ya watu, akafuta mdomo.

"Nasikia shaba," alisema.

Mwanaamina aliinua kidevu.

"Mchana nilikunywa maji haya haya mara tatu, sikusikia kitu," Mwinjuma aliendelea, akiongea taratibu kama anayepima ubao. "Nilidhani ni ya mtoni. Sasa najua ni ya Salumu, nayasikia shaba mpaka kwenye meno. Basi ubovu hauko kisimani." Akamrudishia Salumu kata. "Niongeze, mwanyumba. Nitakunywa mpaka iondoke."

Neno lile, mwanyumba, la wanaume waliooa mtu na mdogo wake, hakuwahi kumwita. Salumu alichota. Mwinjuma akanywa. Akachota tena. Katika kata ya nne Mwinjuma alikwama, maji yakamtokea puani, na Bibi Mwanamkuu akaanza kucheka kile kicheko chake cha ng'ambo ya mto. Kikamshika Mboni, kikamshika Mwanaamina, kikawapitia wageni wote. Mpiga pipa mmoja wa Bombomu, ambaye mkono wake ulikuwa umesubiri ugomvi mpaka umechoka, akapiga pipa. Tarumbeta likajibu. Hazikupatana hata kidogo. Mmoja alipiga gwaride na mwingine alipiga kitu cha kuchezea miguu peku. Lakini watu wa Mkuza walikuwa hawajui kwamba ngoma hizi hazichezwi pamoja, wakaingia katikati wakacheza, na kufika saa kumi soksi ndefu za Governa zilikuwa zimening'inia juu ya kamba ya kisima na wenye soksi wako uwanjani.

Mboni alikwenda nyumbani, akamtoa mwali ndani na somo wake aliyemfunda, akamleta amefunikwa ushungi mpaka pale, akautandika ule mkeka wa ukindu, akamkalisha juu yake. Upande mmoja alimkalisha Bibi Mwanamkuu. Upande wa pili akamkalisha Mwanaamina. Mwanne aliusogelea mkeka ule, akasimama kidogo. Mwanaamina akajisogeza, akampisha nafasi.

*

Mambo hayakunyooka siku moja. Kamati ya Governa ilikaa, ikamshusha Mwinjuma cheo kutoka Keptini hadi Sajini, kwa kosa la kusema vibaya juu ya ulimi wake mwenyewe mbele ya wageni. Mwinjuma alirudi nyumbani amenuna, akala, akamwambia mkewe kwamba Sajini anatembea nyuma, ambako vumbi ni jingi.

"Utaosha miguu," alisema Mboni. "Maji yapo."

Watu wa Juu sasa waliteremka Bondeni kila asubuhi, wakichota ya juu tu, kama Dakta alivyoagiza, ingawa hakuna aliyeweza kueleza debe linajuaje juu na chini. Mwanzoni walitaka foleni yao peke yao, upande wa kivuli. Ikawa hivyo siku tano. Lakini mazungumzo ya foleni ya Bondeni yalikuwa matamu zaidi, na mtu akitaka kusikia yaliyotokea kwa fulani ilimbidi asogee, na kufika Ijumaa hakuna aliyeweza kusema foleni ni moja au mbili. Dakta Hemedi alipima tena, akatangaza shaba imekwisha.

"Inaniudhi," Mwanaamina alimwambia dada yake. "Wanakunywa kwa sababu Hemedi kasema. Si kwa sababu ni kweli."

"Na mimi nilikunywa kwa sababu ya Bwana Shauri," alisema Mboni. Wakacheka tena.

Mwezi ule ule akaja tarishi wa boma na daftari, anaandika visima vya wilaya. Aliwakuta wanawake kumi na tano wakingoja. Mwanne, mke wa Dakta, ndiye aliyekuwa na kamba mkononi.

"Kisima hiki cha nani?" tarishi aliuliza.

"Chetu," alisema Mwanne.

"Kimechimbwa na nani?"

Mwanne aliendelea kuvuta. "Kimechimbwa na mwenzetu, Salumu."

Kamba ilikuwa ikilia kwenye gogo, na Mwanaamina, aliyekuwa wa tatu katika foleni, hakuwa na hakika kama amesikia vizuri neno mwenzetu. Akamwomba arudie. Mwanne akatua debe, akapumua, akarudia.